Zawadi Iliyokwama Benki

Juzi, kwenye foleni ya benki hapa Kigoma mjini, nilimwona bwana mmoja akitokwa jasho mbele ya ofisa wa mikopo. Alikuwa ananunua nyumba ya gharama nafuu mtaa wa Gungu, vyumba viwili ghorofani, na alitaka kumshtukiza mkewe kwa funguo. Tangu mashirika ya kuhudumia wakimbizi yajae mjini kodi imepanda, na mwenye nyumba wao kule Rusimbi alishawaambia wahame.

"Bila ridhaa ya mkeo mkopo hautoki," ofisa alimwambia. "Nyumba ndiyo dhamana."

Ikabidi ampigie mkewe simu aje. Mama akaingia na kanga yake ya jikoni, uso ameukunja.

"Unaweka rehani nyumba gani, baba watoto? Kwani sisi tuna nyumba?"

"Ni hii tunayonunua."

"Tunanunua? Mimi na wewe, au wewe na nani?"

Bwana akamsogezea tu ramani ya nyumba na kuweka kidole penye jiko. Mama akaitazama, kisha akamgeukia ofisa.

"Siku akitaka kuiuza, mtaniita hivi hivi?"

"Lazima, mama. Bila wewe haiuzwi."

Hapo ndipo alipovuta kiti, akakaa, akaomba kalamu. Bwana akashusha pumzi mpaka mimi wa nyuma nikaisikia.

Nilirudi nyumbani nacheka peke yangu. Mwenzetu kahangaika kote huko kumtafutia mkewe zawadi, na kilichomfurahisha mama ni sharti la benki.