Kuufunga Mgomba Kabla ya Sakitu

Mwaka ule nilikasirika kuanzia mwezi wa kumi mpaka majira ya joto yaliyofuata, na nikisema nilikasirika sina maana ya kununa. Nilikuwa naamka na hasira, napanda nayo basi kutoka Edmonton ninakoishi, navua nayo viatu mlangoni kwa watu ninaowahudumia. Kisa chake kilikuwa mgomba.

Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani. Asubuhi namwogesha huyu, mchana nampa yule chakula na dawa, na kati ya nyumba na nyumba huwa kuna saa nzima au mbili ambazo kampuni haizihesabu. Wengi wetu tunazimalizia kwenye vituo vya basi. Mmoja wa wazee wangu alikuwa bibi wa Kiingereza pale Walthamstow, katika nyumba ya zamani iliyobanana na nyingine, si mbali na soko. Alikuwa amefundisha ushonaji miaka mingi, na hata uzeeni jicho lake lilikuwa la mwalimu: ukimfunga kifungo kombo, anakifungua mwenyewe kwa vidole vinavyotetemeka, anakifunga upya, hasemi kitu. Alitembea kwa kushikilia fremu ya chuma. Mumewe alikwisha kufariki. Mwanawe wa pekee aliishi Croydon, upande wa pili wa jiji, na alikuwa akimwangalia mama yake kwa simu. Simaanishi kwamba alimpigia. Alifunga kamera mbili, moja jikoni na moja nje juu ya mlango wa nyuma, akawa anamtazama.

Nyuma ya nyumba palikuwa na bustani ndefu, nyembamba kama ujia. Kulikuwa na mawaridi, dalia, vyungu vya maua mekundu, bomba la kumwagilia, na mwisho kabisa, penye ukuta wa matofali, mgomba. Mgomba kweli, shina nene kama paja, majani yamechanwachanwa na upepo. Mumewe ndiye aliyeupanda. Ni aina inayovumilia baridi kiasi, lakini ndizi zake haziliki, na miaka mingine hauzai kabisa.

Mwanzoni mwa mwezi wa kumi, nikiwa namvisha soksi, bibi akaniambia, "Kabla baridi kali haijafika, mgomba wangu lazima ufungwe. Usipofungwa utakufa. Wewe utajua kuufunga. Kwenu si ni migomba tu?"

Nilikereka. Miaka yote niliyokaa nchi hii nimechoka kuambiwa ninachokijua.

"Kwetu hakuna migomba," nikamjibu. "Kwetu ni Makete, juu milimani. Ndizi tunaletewa kutoka Tukuyu. Kwetu kuna viazi, na kuna sakitu."

"Sakitu ndiyo nini?"

Nikamweleza. Mwezi wa sita na wa saba umande unaganda, unaamka asubuhi unakuta shamba lote ni jeupe, na jua likipanda majani ya viazi yanageuka meusi kana kwamba yamemwagiwa maji ya moto. Mama yangu akiona anga la jioni halina hata wingu moja na upepo umekufa, alikuwa anatutoa wote ndani twende kufunika kitalu cha mboga kwa nyasi.

Bibi akaninyooshea mguu wa pili. "Basi unajua zaidi ya nilivyodhani," akasema. Hakuomba radhi.

Hata hivyo nilikataa. Nilikuwa nimepewa nusu saa ya asubuhi, na katika nusu saa hiyo nimwamshe, nimwogeshe, nimvishe, nimpe uji na vidonge, niandike kitabuni nilichofanya. Siku mbili baadaye nikamkuta kwenye mlango wa nyuma ameshika mkasi wa kupogolea, fremu ameiacha jikoni, mguu mmoja tayari uko nje ya kizingiti.

"Unataka kufa?" nikamuuliza.

"Nataka kukata dalia."

"Kaa chini. Nitakata mimi."

Ndivyo nilivyoanza kuzitumia zile saa zangu za bure kwenye bustani yake badala ya kituo cha basi. Kwa wiki mbili, asubuhi saa nne hivi, nilimkalisha kwenye kiti nje ya mlango, makoti mawili na blanketi, naye akanielekeza. Nilichimbua viazi vya dalia visigande ardhini, nikavikung'uta udongo, nikavilaza kwenye sanduku lenye magazeti, nikaliweka chini ya ngazi. Niliingiza vyungu ndani. Niliweka mboji kwenye mawaridi, na juu yake matandazo ya majani makavu niliyoyakusanya kwa reki. Bomba la nje nililifungia maji kutoka ndani, chini ya sinki, kisha nikaliacha wazi litirike mpaka likauke, maana maji yakiganda ndani yake hulipasua. Bibi akanipa sweta la sufu nilifungie.

"Hili si la marehemu?" nikauliza.

"Ni lake. Halihitaji."

Mgomba ulikuwa wa mwisho. Haufungwi mapema, unangoja baridi ya kwanza iunguze majani ndipo unayakata. Lakini nilisimika vigingi vinne kuuzunguka na kuviringisha wavu wa kuku, ili siku ikifika ibaki kujaza nyasi kavu tu. Siku ile nilipokuwa navuta wavu nilijinasa sketi, nikawa nazunguka mgomba kama mbuzi aliyefungwa kamba, na bibi alicheka mpaka akashika kifua. Sikuwahi kumsikia akicheka kabla ya hapo.

Kesho yake msimamizi wangu alinipigia. Ni Mkenya, mtu mwema, na ubaya wa mtu mwema ni kwamba anakuumiza huku akikupa pole.

"Dada, uko sawa?" akaanza. "Kijana wa yule mama ametuma video."

"Video ya nini?"

"Wewe uko kwa shamba, mama amekaa nje kwa baridi. Anasema unamtoa mamake nje ndio ucheze na udongo."

"Amevaa makoti mawili na blanketi. Na wiki hizi mbili anamaliza chakula, kitu ambacho hajafanya mwaka mzima. Nimeandika kitabuni."

"Najua. Nimesoma."

"Ulimsomea na mwanawe?"

"Dada yangu, mimi nakuelewa. Hata mimi kwetu nalima. Lakini mpango wa huduma hausemi mambo ya shamba. Ukianguka huko nje, bima haikujui. Mama akishikwa na homa, ni sisi. Kuanzia kesho nakutoa hapo. Nitakupatia mtu mwingine huko huko Edmonton, karibu na kwako. Hata utapumzika na hizo basi."

Alilisema hilo la mwisho kama anayenipa zawadi.

Nilipofika nyumbani nilipiga makabati ya jikoni mpaka binti yangu akaja kuangalia. Yeye amezaliwa hapa. Kiswahili anakielewa chote ila hakijibu. Alinisikiliza ameegemea friji, kisha akasema kwa Kiingereza chake kwamba ule ni mmea tu, tena si wangu. Nilimtolea maneno ambayo mama yangu angesikia angenizaba kofi. Baadaye nilimwomba radhi, maana kosa halikuwa lake. Aliponiuliza hasa ni nini kilichoniuma, nilimwambia ni ile video. Msimamizi alikuwa amenitumia. Ilianza nikiwa na sepetu na bibi amekaa kimya, ikaishia hapo. Yule bwana alikuwa amekaa huko kwake, amemwona mama yake akicheka, na kipande hicho akakikata.

Katikati ya mwezi wa kumi na moja niliamka siku yangu ya mapumziko nikakuta majirani wanakwangua barafu kwenye vioo vya magari. Nilijua majani ya mgomba yamekwisha kuungua. Nilijaribu kufua nguo. Nikajaribu kulala tena. Mwishowe nikaenda duka la wanyama, nikanunua mifuko miwili ya nyasi kavu wanazotandikiwa sungura, nikapanda nayo basi mpaka Walthamstow huku watu wakinitazama.

Kisanduku cha ufunguo kilikuwa ukutani, na namba yake nilikuwa naikumbuka. Sikukigusa. Mtu asiye na kazi pale akijifungulia, huyo ni mwizi. Nikapiga kengele, nikasubiri. Nikasikia fremu inagonga sakafu, taratibu, muda mrefu, mpaka mlango ukafunguka.

"Umechelewa," bibi akaniambia.

"Walinikataza kuja."

"Najua. Mpya anakuja, mtoto mzuri, lakini anaiogopa kamera. Ingia."

Majani yalikuwa yamelegea, meusi, yananing'inia. Niliyakata yote kwa msumeno, nikabakiza shina la kimo cha bega langu, nikaanza kushindilia nyasi kati ya shina na wavu. Bibi alikuwa amekaa ndani ya mlango, blanketi mabegani. Mfuko wa kwanza haujaisha, ukuta ukasema.

"Samahani. Wewe ni nani? Umeingiaje hapo?"

Sikujua kwamba ile kamera inaweza kuzungumza. Niliruka kama niliyeona nyoka, na aibu ya kuruka ikanizidishia hasira.

"Unanijua," nikaiambia kamera. "Umenitazama wiki mbili."

"Huna kazi hapo tena."

"Sina. Leo ni siku yangu ya mapumziko. Mama yako amenifungulia mlango, muulize."

Akasema atapiga simu kwa kampuni. Hapo nilisimama chini ya ile kamera, nyasi kichwani, nikamwambia yote. Kiingereza changu kikipata hasira hukatikakatika, lakini siku ile alikielewa. Nilimwambia anajua ni saa ngapi mama yake huwasha birika, ila hajui kwamba hawezi tena kufungua kifuniko cha chupa ya dawa. Nilimwambia mimi kwetu nimemzika mama yangu kwa simu, nikiangalia jeneza likishushwa kwenye kioo kidogo kama kiganja, kwa sababu sikuwa na karatasi za kunirudisha nchi hii kama ningeondoka. "Wewe una treni," nikamwambia.

Kisha bibi, bila kupandisha sauti, akasema, "Kama unaona mgomba haufungwi vizuri, njoo uufunge mwenyewe."

"Mama, niko kazini."

"Yeye hayuko kazini," bibi akasema, "na amekuja."

Nilimaliza mfuko wa pili, nikafunika juu kwa nailoni, nikakaza kamba.

Kesho yake ofisini niliwekewa barua ya onyo: nimeingia katika nyumba ya mteja bila idhini. Nilimuuliza msimamizi mteja ni nani, aliyenifungulia mlango au kamera. Akasema, "Dada, tia sahihi tu yaishe." Sikutia. Mwezi mmoja baadaye nilihamia kampuni nyingine.

Mwezi wa kwanza yule bwana alimhamisha mama yake kwenye nyumba ya wazee huko Croydon, na nyumba ikauzwa. Mwezi wa sita nilipita pale, nikapiga kengele. Wenyeji wapya walikuwa wapole, wakanipitisha nyuma nione. Walikuwa wametandaza vigae vya saruji kutoka mlangoni mpaka ukutani. Mgomba waliung'oa pamoja na wavu na nyasi zake, hawakuufungua hata kuangalia kama u hai.

Nikaenda Croydon kumwona bibi. Aliniuliza habari za mgomba, nami sikumdanganya. Akaniomba nimsogezee kikombe, akaniambia chai yao ni maji matupu. Tukanywa hivyo hivyo.

Kwenye korido, wakati natoka, nilimkuta mwanamume mfupi aliyechoka, amebeba mfuko wa nguo safi za kike. Alinitambua kabla mimi sijamtambua, maana mimi nilikuwa sijawahi kuiona sura yake. Akanyoosha mkono. "Ahsante kwa yote," akasema.

Sikumpa wangu. Nilimpita, nikashuka ngazi. Binti yangu anasema nilikosea, kwamba mtu akishanyoosha mkono ameshasema alichoweza kusema. Huenda. Mimi najua tu kwamba nilipofika kwenye kituo cha tramu bado nilikuwa nimekunja ngumi.