Mkamwana wa Zamu

Mimi nikilala mchana, nani anaumia? Swali hilo niliwauliza wakwe zangu waziwazi, na mpaka leo sijajibiwa.

Nilikuwa nasomea ubingwa wa tiba ya dharura, na chuo kikanipeleka kufanya mazoezi katika hospitali moja ya Tukuyu. Mume wangu alibaki Dar es Salaam kazini kwake. Alifurahi kuliko mimi, maana kwao ni Kinyala, hapohapo Rungwe. "Utakuwa karibu na mama," akasema. Karibu kweli! Nilipanga chumba mtaa wa Msasani, Msasani ya hapohapo Tukuyu, na mama mkwe akawa anashuka na ndizi zake siku yoyote anayojisikia. Ananikuta saa sita mchana nimejifunika blanketi mbili, pazia limeshushwa, nakoroma. Mimi nimetoka zamu ya usiku. Yeye anachokiona ni mke wa mwanawe aliyelala wenzake wakirudi shambani.

"Mwanangu, unaumwa?"

"Shikamoo mama. Siumwi, nimetoka kazini."

"Marahaba. Kazi gani inamtoa mke wa mtu nyumbani wenzake wakienda kulala?"

Nilimweleza. Nikamchorea na vidole: wiki hii asubuhi, wiki ijayo jioni, inayofuata usiku, Jumapili na sikukuu ni siku kama nyingine, mgonjwa hajui Krismasi. Aliitikia kwa kichwa, akamenya ndizi, kesho yake akaenda kuwaambia ndugu kwamba mwanawe kaoa bundi.

Haya, la bundi nikalimeza. Lililonishinda ni misiba. Kinyala msiba hauna mwaliko, na asiyeonekana anaonekana zaidi ya aliyekuja. Shangazi yake mume wangu alipofariki nilikuwa zamuni, nikaomba kubadilishana na mwenzangu ikashindikana, nikatuma mchango na pole. Wakasema nimetuma hela kama mfadhili. Hapo baba mdogo wa mume wangu, ambaye ndiye msemaji wa ukoo, akaitisha kikao Jumamosi. Ajenda ilikuwa moja: niache masomo ya ubingwa, nitafute kituo cha afya, nifanye kazi za mchana kama watu.

"Nenda ukawasikilize tu, mke wangu," mume wangu akaniambia kwenye simu. "Usibishane. Wakishaamua, mimi siwezi kushindana na ukoo."

"Kusikiliza nitasikiliza. Kubishana pia nitabishana."

Akakata simu. Nilikasirika. Miaka yote ile ya kusoma, halafu hatima yake iamuliwe sebuleni na watu ambao hawajawahi kuniuliza hata nasomea nini!

Sasa, kuna jambo la kule lazima nilieleze. Mimi ni mtu wa Kondoa, na kwetu mkwe anaheshimiwa, basi. Kwa wazee wa Kinyakyusa, mkamwana, yaani mke wa mwana, na baba mkwe hawakai chumba kimoja. Hawatazamani, hawagusani, hawaongei. Vijana wengi wameshaliacha, ila baba mkwe wangu hakuliacha hata nusu. Tangu niolewe nilikuwa namfahamu kwa kikohozi na kwa mgongo. Nikiingia mlango wa mbele, yeye anatokea wa nyuma. Sikuwahi kuliona ni tusi. Ilikuwa heshima yake kwangu, na mimi nilimpa ya kwangu.

Alhamisi ya wiki ya kikao niliingia zamu ya asubuhi. Pikapu ikafunga breki mlangoni, wakamshusha mzee aliyevaa koti zito, midomo imevimba, uso umevimba, pumzi inapiga filimbi. Alikuwa anarekebisha mzinga kwenye migomba yake, nyuki wakamvamia. Nyuma yake alikuwa mama mkwe, ushungi umemwangukia mabegani, analia. Ndipo nikajua huyo mzee ni nani.

Muuguzi niliyekuwa naye ni mwenyeji wa Masukulu, hukohuko Rungwe. Alielewa kabla sijafungua mdomo.

"Dokta, huyu si baba mkwe wako?"

"Ndiye."

"Basi ngoja nimwite daktari wa wodini."

"Mpaka afike tutakuwa tunamfunika shuka. Lete oksijeni."

Mzee aliponisikia akavuta kola ya koti mpaka usoni, akageukia ukutani. Presha inashuka, koo linaziba, na bado anakumbuka adabu! "Mwingine," akasema kwa shida. "Aje mwingine."

"Mwingine anaingia saa nane, baba. Wewe saa nane huifiki."

Hayo ndiyo maneno ya kwanza niliyowahi kumwambia baba mkwe wangu tangu niolewe.

Dawa ya hali ile ni adrenalini, na inachomwa pajani. Paja! Muuguzi alikuwa ameshavuta sindano, ila mkono wake ulisita juu ya mzee wa kwao mbele ya mkamwana wake, na sikuwa na muda wa kusitasita. Baridi ya Tukuyu mnaijua. Mzee alikuwa amevaa suruali mbili, na mimi sikutaka kubahatisha sindano kwenye matabaka ya nguo. Nikachukua mkasi nikazikata zote mbili, kuanzia gotini kwenda juu. Mama mkwe akapiga yowe ambalo hakulipiga hata aliposhuka kwenye pikapu. Nikalishika paja la baba mkwe wangu, nikachoma. Nikamlaza, nikamwinua miguu, nikamfunga oksijeni mwenyewe kwa mikono hii, tukaanza kumpa maji ya mishipa. Niliomba Mungu kimoyomoyo, maana niliogopa sana. Angefia mkononi mwangu, nani Kinyala angesema ni nyuki?

Haikuchukua muda ile filimbi ikapungua. Kisha akavuta pumzi ndefu. Mama mkwe akamfunika uso kwa kanga, asinione.

"Umemkata suruali," akaniambia. "Umemshika."

"Ndiyo, mama. Na ingebidi, ningezivua zote."

Nikaenda chumba cha kubadilishia nguo nikalia kwa hasira, nikanawa uso, nikarudi kwa wagonjwa wengine waliokuwa wananingoja.

Jumamosi nikapanda Kinyala. Nilikuwa nimebadilishana na mwenzangu nikachukua zamu yake ya jioni, kwa hiyo nilienda nimeshavaa sare, begi begani. Wakaniketisha kwenye mkeka. Baba mkwe alikuwa ameruhusiwa jana yake, na alikuwa chumba cha ndani, nyuma ya pazia, kama desturi inavyotaka. Nilimsikia akikohoa.

Baba mdogo akaanza. Kazi ya usiku si ya mke wa mtu. Misibani sionekani. Na sasa limezuka hili la hospitali, ambalo hata kulitamka mbele ya akina mama anaona aibu. Akalitamka. Kwa kirefu. Akamaliza kwa kuniambia ukoo unaniomba niziache hizo zamu, na kwamba mume wangu ameshakubali.

Hilo la mume wangu lilinichoma kuliko yote.

"Baba mdogo," nikasema, "nimekusikia. Kulala mchana nitaendelea kulala. Msiba nikiwa zamuni sitakuja, na msinisamehe, nisemeni tu. Kuhusu baba, kesho akiletwa vile tena nitakata suruali nyingine. Masomo siachi. Kama mume wangu amekubali, basi aje aniambie mwenyewe nikimtazama usoni."

Loh! Wakaanza kuongea wote kwa pamoja, Kinyakyusa kinapishana na Kiswahili, mama mkwe amejishika kichwa. Baba mdogo akasimama, akaninyooshea kidole, akaniambia sitoki pale mpaka nijibu kama mke wa mtu.

Nyuma ya pazia mzee akakohoa. Wote tukageukia kule, mimi nikainamisha macho.

"Anaingia saa ngapi?" akauliza. Hakumtaja mtu, na sauti yake ilikuwa bado nzito.

Nikajibu mimi, nikiutazama mkeka. "Saa nane, baba."

"Mnamchelewesha." Akavuta pumzi, na kila mtu mle ndani aliisikia ikiingia na kutoka. "Mimi nilifika nikamkuta. Na mwingine akifika, amkute."

Nikabeba begi langu. Sikungoja baba mdogo afunge kikao.