Dawa Niliyogawana na Mama

Kwetu mtu anayekula peke yake anaitwa mchoyo, hata kama anachokula ni vidonge. Hivyo ndivyo nilivyojitetea moyoni kwa miezi kadhaa, na leo utetezi huo unanitia aibu kila ninapoukumbuka.

Nafanya kazi katika maghala ya kampuni moja ya usafirishaji hapa Uvira. Nilipogunduliwa kuwa na ugonjwa wa sukari, kampuni iliniingiza katika mpango wake: dawa za bure, mashine ndogo ya kupima damu ya kidole, na kila Alhamisi mazungumzo na mfamasia aliyewekwa kwa ajili yetu wagonjwa. Ni mwanamke mpole, mdogo kwangu kwa umri, na sisi wote tunamwita Dokta. Alinifundisha kula bugali ya ukubwa wa ngumi badala ya ule mlima niliouzoea, kujaza sahani mboga ya lengalenga, kukagua nyayo zangu kabla ya kuvaa viatu. Hakuna mtu wa kazini aliyewahi kunisikiliza kama yeye. Nami nilikuwa namdanganya usoni.

Sababu ni mama yangu. Anakaa Rurambo, juu mlimani, pamoja na dada yangu mdogo. Siku moja nilipopanda kuwasalimia nilimkuta amekonda, anakunywa maji kama ng'ombe wa kiangazi. Nikamchoma kidole kwa mashine yangu. Sukari yake ilikuwa juu kuliko yangu. Kwa kampuni, familia ni mke na watoto, aliyenizaa hayumo. Na kituo cha afya cha kule mara nyingi hakina dawa. Basi nikaanza kumeza kidonge cha asubuhi na kumwekea mama cha jioni. Aliponiuliza mimi nabaki na nini, nikamwambia wananipa nyingi mno. Heri nusu shari kuliko shari kamili, nilijiambia, nikajiona mwana mwema.

Lakini nusu dawa ni nusu dawa. Kipimo changu kilikataa kushuka. Dokta alikitazama, akakunja uso.

"Papa, unameza yote?"

"Yote, Dokta."

"Na bugali?"

"Kama ngumi."

Hapo angalau nilisema kweli. Akaongeza dawa, nami nikaongeza fungu la mama. Tulikwenda hivyo mpaka akanipa na kidonge cha aina nyingine, kidogo, cheupe. Alikishika mbele ya macho yangu.

"Hii iko na nguvu, papa. Inashusha sukari hata kama haujakula. Usiimeze bila chakula hata siku moja."

Nikaitikia. Nilipompelekea mama fungu lake nilimwambia kila kitu isipokuwa hilo. Sikukusudia kuficha. Mama yangu hajawahi kuianza asubuhi bila kiporo cha bugali na maziwa, nikaona ni maneno ya bure. Nilichosisitiza ni sukari. Niliwaapia yeye na dada yangu kwamba sasa sukari ni sumu, na nilipoondoka nikabeba mpaka chupa yao ya asali. Nilijiona mwalimu kabisa.

Alhamisi moja asubuhi dada yangu, ambaye huniita Yaya, yaani kaka mkubwa, akanipigia simu nikiwa ghalani.

"Yaya, mama haiko anasikia. Jasho inamutoka, mikono inatetemeka, anasema maneno haieleweki."

"Amekula nini?"

"Hajakula. Iko mu maombi ya kufunga tangu juzi. Dawa yako njo alimeza tu. Alisema dawa haivunje maombi."

Nilikimbilia chumba cha Dokta na kusema mbele ya wagonjwa waliokuwa wanangoja zamu: "Mama yangu amemeza dawa yangu, na hajala."

Alinitazama mara moja tu, akaichukua simu mkononi mwangu.

"Muko na sukari ku nyumba? Asali?"

"Sukari?" dada alipiga kelele. "Yaya alisema itamuua!"

Dokta alimwambia akimbie kwa jirani aombe sukari, ailowanishe kwa maji kidogo, ampake mama ndani ya shavu kwa kidole, asimmiminie kitu kinywani mpaka aweze kumeza vizuri. Dada alibisha. Hakumjua mtu huyu, na mimi ndiye niliyemwapia. Ilinibidi nipaze sauti ndani ya simu, wenzangu wote wakisikia: "Nilikosea! Mupe sukari! Minye njo nilikosea!"

Alimpa. Macho ya mama yalipoanza kutulia, Dokta alisema wasimwache nyumbani, kwa kuwa kidonge kile kinaweza kumrudisha chini tena. Wanaume wa kanisa wakambeba kwa kipoyi, ile machela yetu ya miti, mpaka kituo cha afya, akawekewa serumu ya sukari mshipani. Fahamu zilimrudia.

Dokta alinirudishia simu, akakaa.

"Sasa miezi hii yote, papa, nilikuwa natibu nani?"

Ningependa anitukane. Hakunitukana. Alisema nimshushe mama mjini apimwe na kutibiwa kwa jina lake mwenyewe, hata kama gharama itakuwa juu yangu.

Nilipanda pikipiki siku ileile. Nilimkuta mama amelala kituoni, mdogo kuliko nilivyomwacha. Waumini walikuja kunishika mkono na kunisifu, mtoto anayemgawia mama yake dawa. Nilitamani ardhi ipasuke. Walipotoka nikavuta kiti niombe msamaha, lakini mama alitangulia kuuliza.

"Sukari yako imeshuka?"

"Kwa nini, mama?"

"Nilifunga juu yako. Kila ukikuya, dawa inaongezeka. Nikasema, mutoto wangu iko anakufa, ananificha. Nikipata nguvu nitamaliza zile siku zinabakia."

Nikinyamaza, atafunga tena. Nikisema, hatapokea tena kitu kutoka mkononi mwangu. Nikasema. Nilimweleza kwamba sikuwa nakufa. Kwamba dawa ziliongezwa kwa sababu nilikuwa nameza nusu, na nusu nyingine ilikuwa yake, huku Dokta akidhani nameza zote.

Mama akamwambia dada alete mfuko wa vidonge, akaniwekea mapajani, vyote.

"Kumbe minye njo nilikuwa nakula afya yako," alisema. "Meza ya leo. Nikuone."

Nilijaribu kusema kwamba atapata zake, kwamba nitamshusha mjini. Hakutaka kusikia. Nikafungua kinywa kama mtoto, nikameza mbele ya macho yake, na yeye hakuwa na chochote cha kumeza.