Tumbo la Waziri Lilikuwa Maji

Kosa ni langu, si la vikwazo wala la serikali ya Moroni. Hapa Mutsamudu kila msiba tunaisingizia Moroni. Mimi nimechoka kudanganya.

Mume wangu alikuwa mgonjwa wa moyo. Kabla kisiwa chetu hakijajitenga, daktari bingwa wa moyo kule Moroni alimpa vidonge vya kutoa maji mwilini, akaonya visikatike hata siku moja. Mara tukajitenga, tukawekewa vikwazo hata boti za Moroni zikasimama, na mume wangu, mwalimu wa jiografia, akaamka waziri. Waziri! Hata kiti cha ofisi alikibeba kutoka nyumbani.

Balaa ni vile vidonge. Vilimpeleka chooni kila robo saa. Minong'ono ikaanza: waziri gani huyu hatulii mkutanoni? Lazima anapeleka habari Moroni! Nikaogopa. Na niseme ukweli, nilichoogopa zaidi ni kuacha kuitwa mke wa waziri. Nikavificha vidonge, nikawa nampa vya vitamini. Nikamwambia ni vile vile, pakiti tu ndiyo mpya.

Basi mtu akatulia mkutanoni. Na akanenepa! Kisiwa kizima kimekonda kwa vikwazo, wangu anaota kitambi. Jirani akanivuta shiromani niliyojitanda, akaniita bweni, yaani bibie: "Bweni, uwaziri umemkubali!" Nami nikacheka, mjinga mimi. Viatu vikamkataa, nikasema ni heshima. Akawa hawezi kulala ila ameketi, nikatangaza kwamba waziri analiwazia taifa.

Boti zilipoanza tena safari, mume wangu, yule aliyeapa jukwaani kwamba hatakanyaga Moroni ila akiwa balozi, alishushwa bandarini kule na wanaume wanne, kama kabati.

Daktari wake akambonyeza mguu kwa kidole. Kishimo kikabaki.

"Bweni, hii si shibe, ni maji. Vidonge anameza?"

Nikafungua mdomo. Mume wangu akaniwahi, pumzi zikimkatika: "Daktari, huyu hajanikosesha hata kimoja."

Nikanyamaza. Wallahi, nilinyamaza!

"Kama ni hivyo, dawa zimeshindwa," akasema daktari. Akabadilisha hiki na kile, akahangaika na uongo wangu. Mume wangu alikufa mwezi ule ule, huku akiwasimulia wageni jinsi nilivyomtunza.

Dada zangu, mume akinenepa wakati watu wanakonda, msishangilie. Mbonyezeni mguu. Na daktari akiuliza, jibuni ninyi kabla mgonjwa hajawasifu.