Shukrani Ambazo Mama wa Nsansa Hakuzitoa

Nilikuwa sokoni Nkwenda nachagua maharage nilipopata habari. Muuzaji, mama mmoja ambaye mdomo wake haujui kupumzika, alijaza kibaba, akakisawazisha kwa kiganja, kisha akasema kama mtu anayetaja hali ya mvua: "Karani, umesikia? Yule mama wa majani makavu ametutoka. Wanazika leo alasiri." Nikamwuliza ni yupi, ingawa nilijua. Tangu Nyakasimbi mpaka huku kwetu karibu na mpaka, mama wa majani makavu alikuwa mmoja tu. Nikayaacha maharage palepale kwenye mkeka, naye akaniita, "Na kibaba chako je?" Sikugeuka. Ninyi mlioizoea safu hii mnajua kwamba kazi yangu ni kuwacheka wakubwa wa baraza na waheshimiwa wanaovaa koti juani. Leo hao wapumzike. Wa kuchekwa leo ni mimi, ila nawaomba mngoje mpaka mmesikia yote, ili mnicheke kwa haki.

Marehemu hakuzaliwa huku. Mumewe, mtu wa hapahapa Nkwenda, alikwenda kutafuta kazi ya reli upande wa Tabora, akarudi na baiskeli isiyo na breki, taa ya karabai na mke wa Kinyamwezi. Mama mkwe alivipokea vyote vitatu kwa uso uleule. Mwaka uleule wa kwanza, kiangazi kilipokaribia, bibi harusi akachuma majani ya kunde, akayatosa kidogo kwenye maji ya moto, akayakamua na kuyatandaza kwenye mkeka barazani, mahali penye kivuli na upepo. Kwao mboga hiyo huitwa nsansa, na nyumba isiyo nayo wakati wa jua kali ni nyumba ya mvivu. Kwetu mambo ni kinyume. Mnyambo ana kibanja chake cha migomba. Akitaka kula anatoka na kisu, anakata mkungu, anachuma majani, basi. Chakula kinamngoja kikiwa kimesimama. Kuanika mboga barazani ni kuwatangazia wapita njia kwamba hapa migomba imekwisha na watu wanajiandaa kufa njaa. Tena siku yenyewe ilikuwa Jumapili, na barabara imejaa watu wanaotoka kanisani! Mama mkwe alitoka ndani akiwa ameshika kichwa. "Yesu wangu! Watu watasema hatuna kibanja!" Mkeka ukahamishiwa nyuma ya nyumba, karibu na banda la mbuzi.

Binti wa watu akatii. Lakini akauliza, kwa Kinyambo chake cha kujikongoja, kama ni aibu kukausha chakula, mbona wale panzi wetu, senene, tunawakausha, tukawafunga kwenye majani ya mgomba na kuwapelekea wakwe zetu kwa heshima zote? Mama mkwe akafikiri, akajibu, "Senene ni senene." Nimehudhuria mabaraza mengi tangu wakati ule na kusikia wanasheria wakibishana, lakini bado sijasikia hoja iliyofungwa vizuri namna hiyo.

Na bado mkeka ulishinda, polepole. Ulikuja mwaka ambao jua lilipitiliza, mboga zikanyauka mpaka mabondeni. Siku moja marehemu alipika nsansa kwa karanga zilizotwangwa, na mama mkwe akasema ataonja tu ili asionekane ana roho mbaya. Akaonja sahani nzima. Tangu hapo wakawa wanakula pamoja, wawili hao, kwenye sahani moja, na mama mkwe hakosi kusema chumvi imezidi. Ninaomba mlikumbuke jambo hilo la sahani moja, kwa sababu aliyelivunja ni mimi.

Nilikuwa mkalimani wa ofisi ya serikali wakati huo, kazi ya majaribio, nikiwa nimenunua soksi ndefu kabla hata sijaajiriwa sawasawa. Siku moja tukapata habari kwamba anakuja Bibi wa Kizungu kuwafundisha wanawake wa Nkwenda kuhifadhi mboga za bustani. Wanaume waliambiwa ni mambo ya jikoni, wakashukuru na kwenda zao kwenye pombe. Wanawake wakakaa chini majanini, na mbele yao likawekwa sanduku zuri la mbao, limepakwa rangi nyeupe, lina kifuniko cha kioo. Bibi alieleza, nami nikageuza kwa Kinyambo: osha majani, yapange mabichi ndani, funga kifuniko kisiruhusu hata nzi, weka juani siku mbili, kisha tia chupani. Wanawake walilitazama lile sanduku kwa mapenzi. Mimi pia nililipenda. Hatukujua kwamba tunatazama chungu cha kuozesha.

Aliyejua alikuwa mmoja. Alisimama, akasahau Kinyambo chake kwa sababu ya haraka, akasema nami kwa Kiswahili cha kwao, ambacho pale nilikielewa mimi peke yangu. Alisema hivi, na leo nayaandika kama yalivyotoka: "Karani, mwambie Bibi sanduku lake halina pa kutolea jasho. Majani yanatoka jasho kama mtu. Ukiyafungia mabichi juani yanaiva, hayakauki, na ukiyatia chupani yataota ukungu. Ayatose kwanza kwenye maji ya moto, ayakamue, ayaanike penye kivuli na upepo. Mwambie polepole asione haya, kwa sababu nia yake ni nzuri." Ni maneno gani hayo ya kumshinda mkalimani? Mtoto angeweza kuyageuza. Lakini kando ya Bibi, kwenye kiti cha kukunja, alikaa bwana mkubwa wa ofisi, ambaye mwisho wa mwezi ule ndiye angeamua kama nibaki kazini au nirudi kupalilia migomba ya baba. Nikatazama soksi zangu. Nikamgeukia Bibi, nikasema kwa Kiingereza kwamba mama huyu anashukuru sana, anasema hajaona kitu kama hiki tangu azaliwe, na anauliza kama mafundi wa hapa wataweza kutengeneza sanduku la namna hii. Bibi akapiga makofi. Wanawake wakaniuliza mwenzao amesema nini, nami ikabidi niwape wao pia shukrani zilezile, safari hii kwa Kinyambo, nikiongeza utamu kidogo.

Basi likawa la kuwa. Marehemu akapewa cheti, yeye peke yake, kwa kuwa mwanafunzi mwepesi wa kuelewa. Na kwa kuwa fundi wa nsansa mwenyewe amelisifu sanduku, nani tena awe na wasiwasi? Mafundi wakagonga mbao. Vioo havikuwapo, kwa hiyo watu wakang'oa vya fremu. Kuna bwana mmoja ambaye picha yake ya harusi iliachwa wazi mpaka mende wakamla uso. Wiki chache baadaye zikafunguliwa chupa. Mambo yaliyotoka humo sitayaandika, huenda mtu anasoma huku anakula. Wengine walikata ukungu na kupika kilichobaki, wakaharisha nyumba nzima. Hakufa mtu, namshukuru Mungu. Lakini hasira ilitafuta pa kwenda. Haikwenda kwa Bibi, kwa sababu Bibi alishaondoka na motokaa yake. Haikuja kwangu, kwa sababu mimi nilikuwa mdomo tu. Ilikwenda moja kwa moja kwa mgeni aliyesifu mbele za watu kitu ambacho, kwa ufundi wake, alipaswa kujua hakifai. Alipojaribu kueleza kwa Kinyambo chake kile, mumewe akiwa amerudi kazini relini, wakamkatiza: "Mbona ulishukuru?" Na mama mkwe, ambaye alikuwa amekitundika cheti sebuleni na kukionyesha kwa kila mgeni, alikishusha, akamrudishia mkononi. Alisema tangu leo kila mtu na chungu chake. Marehemu akajengewa jiko la peke yake mwisho wa kibanja.

Nilikwenda kumwona, nikiwa nimekaza moyo kuungama. Nilimkuta amepiga magoti anageuza majani mkekani. "Shikamoo, mama." "Marahaba, Karani. Kaa, kuna kigoda." Nikaanza kuzunguka zunguka, mara mvua, mara kahawa. Akanisaidia. "Siku ile nilijua hukusema maneno yangu," akasema bila kuinua macho. "Mtu hakosolewi mbele za watu akapiga makofi." Nikamwuliza kwa nini basi hakunikana palepale. Akacheka, lakini kicheko kilikuwa kifupi. "Nikukane kwa lugha gani? Wewe una soksi mpaka magotini, mimi nina mkeka. Angeaminiwa nani? Tena nikafikiri, huyu kijana akifukuzwa, majani yatakauka vizuri zaidi?" Kisha akaniomba jambo moja tu. Hakutaka niende kwa Bibi wala kwa bwana mkubwa. "Mwambie mama mkwe wangu. Kula peke yangu kunanichosha." Nikaapa kwamba nitamwambia, ila aniache kwanza nithibitishwe kazini.

Nikathibitishwa. Halafu nikaona nisubiri nipande cheo, ili neno langu liwe na uzito. Nikapanda. Halafu nikaona mambo yameshapoa, kwa nini niyachokoe? Ndivyo tunavyofanya sisi watu wa ofisi: uongo tunausema papo hapo, ukweli tunaupangia siku. Ikapita miaka saba. Kila kiangazi mtu akitoka upande wao aliniletea furushi la nsansa kutoka kwa mama yule, na mke wangu aliipika kwa karanga, nami niliila. Nasema kweli, niliila na kuomba nyongeza. Na katika miaka hiyo nimeandika katika safu hii hii juu ya uaminifu mara nyingi mno, mpaka msomaji mmoja wa Igurwa akaniandikia barua ya kunipongeza.

Kwenye mazishi alasiri ile watu walikuwa wengi, wengi kuliko waliowahi kupita jikoni kwake. Mama mkwe alikuwapo, mzee sana sasa, amekaa mkekani na fimbo miguuni. Baada ya sala, binti wa marehemu akaleta chungu alichokikuta jikoni, mdomo umefunikwa kwa jani la mgomba lililokauka. Ndani mlikuwa na nsansa ya msimu huu, na juu yake kile cheti, kimekunjwa vizuri, hakina hata doa la unyevu. Mwinjilisti akakitazama, akaona ni Kiingereza, akaniita. "Karani, tusomee, tujue Bibi alimsifu kwa lipi."

Nikasimama. Kimeandikwa kwamba mama huyu alifundishwa na akaelewa. Nikafungua mdomo, na kwa Kinyambo nikasoma hivi: "Cheti hiki kinasema mama huyu alitufundisha, na sisi hatukuelewa." Mama mkwe akainua uso. Macho yake hayaoni vizuri, lakini masikio yake, aah, ni ya askari wa zamu. "Hivyo sivyo ulivyotuambia siku ya sanduku," akasema. "Mwanangu, siku ile alisema nini?" Nikamwambia. Nilimwambia jasho la majani, maji ya moto, kivuli na upepo, na kwamba alitaka Bibi aambiwe polepole asione haya. Nilimwambia soksi zangu pia. Nilikuwa nimeitafuta njia rahisi kwa miaka saba, na sasa aliyeniomba niseme alikuwa chini ya udongo ambao bado ulikuwa mbichi.

Mama mkwe hakunitukana. Ningefurahi angenitukana. Alimwita mjukuu wake, akamwambia aipike ile nsansa kwenye jiko lile la mwisho wa kibanja, tena kwa karanga. Alikwenda mwenyewe akijikongoja kwa fimbo, akaketi kwenye kigoda kilekile nilichokalia mimi. Sahani ilipoletwa alisogea upande mmoja, kama mtu anayemwachia mwenzake nafasi, akala taratibu mpaka nusu, akasimama hapo. Nusu ya pili hakuigusa. "Chumvi imezidi," akasema, akafuta macho kwa ncha ya kitenge.

Somo, kama bado mnalihitaji, ni dogo. Mkalimani akipamba maneno ili kila mtu afurahi, makofi yatapigwa kweli, na soksi zake zitabaki safi. Ila wakati wa kula ukifika, atakuwapo mmoja anayekula peke yake.