Madoa ya Viganjani

Ndugu zangu mliokaa kwenye mabenchi ya zahanati leo, Sista Neema aliniomba nije niseme mbele yenu. Kusema siwezi. Hata shuleni mwalimu akiniuliza jibu ninalolijua, nilikuwa naangalia chini. Nikamwambia nitaandika, asome yeye. Nimeandika kwa siku nne. Mimi ni Shabani, wa hapa hapa deltani, na wengi mnanijua.

Kabla sijaoa nilikuwa mzima, na kazi yangu ilikuwa kukata boriti za mikoko. Kambini tulikuwa watano. Mkubwa wetu alikuwa kaka Kombo. Tulikula sinia moja. Ukila peke yako unaitwa mchoyo, na jina hilo halitoki.

Safari moja tulipeleka boriti mbali. Huko nililala na mwanamke nisiyemjua, bila kinga. Wenzangu nao vivyo hivyo. Baada ya wiki tatu nikaona kidonda kimoja kwenye uume. Kilikuwa kigumu pembeni, lakini hakikuuma. Mwenzetu mmoja yeye alitokwa na usaha, na akikojoa alilia. Alinunua vidonge vya rangi mbili dukani. Kombo akasema, "Leta hapa. Mgonjwa si wewe peke yako." Akavimwaga kwenye mfuniko wa sufuria, akatugawia vinne vinne. Tukacheka, tukavinywa na chai.

Kidonda changu kikafunga. Nikaamini vidonge vinne vimeniponya.

Baadaye nikapata homa, na madoa mekundu yakatoka kwenye viganja na nyayo. Hayakuwasha. Lakini sisi tunaobandua magome ya mikoko mikono yetu ni myekundu siku zote, maji yake yanashika kama hina. Kombo akanitazama, akasema, "Hiyo ni mikoko tu. Ukitaka mikono mizuri kawe karani." Madoa yakaondoka, nikasahau.

Nikamwoa Somoe. Mimba ya kwanza ilifika mwezi wa saba, mtoto akazaliwa amekufa. Nilimbeba mwenyewe kwenda kumzika. Kliniki hatukuwa tumekwenda hata mara moja. Kila siku tulisema kesho. Watu wakasema Somoe ana tumbo baya. Mimi nikanyamaza.

Aliposhika mimba ya pili, Somoe akasema, "Safari hii nakwenda mapema, na wewe unakwenda na mimi."

"Kuna kazi."

"Kazi gani? Unaogopa kukaa benchi moja na wanawake."

Ilikuwa kweli. Nikaenda. Nilikaa hapo mlipokaa, kofia nimeivuta mpaka machoni.

Sista alitutoboa vidole. Kipimo cha Ukimwi kikatoka salama. Cha kaswende kikaonyesha sote wawili tunayo. Sista akafunga mlango, akasema taratibu, "Ugonjwa huu unamfuata mtoto tumboni. Lakini unatibika, na mmewahi." Kisha akanigeukia. "Kaka, uliwahi kupata kidonda huko chini? Au madoa viganjani?"

Nikaangalia viganja vyangu. Nilikumbuka yote kwa pamoja. Nikatikisa kichwa: hapana.

Somoe alinitazama.

Tukachomwa sindano za makalioni. Zilikuwa nzito, nikatembea nachechemea mpaka nyumbani. Tuliambiwa zimebaki mbili, moja kila wiki, na tusikutane kimwili mpaka Sista aturuhusu. Mama yangu akauliza tumechomwa nini. Somoe akamweleza bila kuficha. Mama akawaka.

"Mwanangu alikuwa mzima! Wewe ndiye uliyemletea. Na yule mtoto wa kwanza ni wewe uliyemuua. Kusanya nguo zako urudi kwenu Mahege."

Somoe hakulia. Alifungua sanduku akaanza kutoa kanga zake, moja moja. Mimi nimekaa mlangoni, naangalia chini kama shuleni. Nikawaza, akiondoka kwa aibu hivi, nani atamhimiza zile sindano mbili? Na mtoto wa pili nitambeba tena kwenda kumzika?

"Mama, ni mimi."

"Unasemaje?"

"Ni mimi niliyemletea. Nilikuwa na kidonda kabla sijamwoa. Mkononi yalitoka madoa, nikadhani ni mikoko. Na leo Sista ameniuliza, nikakataa."

Mama akachukua kanga mikononi mwa Somoe, akazirudisha sandukuni mwenyewe.

"Nisamehe, mwanangu," akamwambia. "Huyu tangu mdogo hasemi mpaka nyumba iwake moto."

Somoe akasema, "Leo kasema." Hapo ndipo akalia.

Wiki iliyofuata nilimwambia Sista ukweli. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Hao mliogawana vidonge wako wapi?" Nikapiga kasia mpaka kambini. Kombo alinicheka kwanza. Nilipomtajia madoa ya viganja, kicheko kikakatika. Akasema, "Mke wangu zimemtoka mimba mbili."

Walikuja wote wanne, na wake zao. Siku ya sindano Kombo akauliza, "Sista, hii nayo tunagawana?"

Sista akamjibu, "Hii kila mtu na tako lake, baba. Geuka."

Benchi zima likacheka. Mke wa Kombo sasa ana mimba ya miezi minane.

Somoe alijifungua hapa, asubuhi. Mtoto wetu wa kike alilia kwa nguvu mpaka waliokuwa nje wakapiga vigelegele. Sista alimfungua viganja, akamgeuza nyayo, akaziangalia kwenye mwanga wa dirisha. Akasema neno moja tu: "Safi." Tumeendelea kumleta kuangaliwa kila tulipoambiwa, na anakua vizuri.

Namshukuru Mungu. Namshukuru Sista, na mama, na zaidi Somoe, ambaye angeweza kuondoka akabaki.

Na wewe kaka uliyevuta kofia mpaka machoni, nakujua. Kidonda kisichouma usikiache kwa kuwa hakiumi, na kikifunga usiseme kimepona. Pimwa. Dozi yako imalize mwenyewe, hata wakikuita mchoyo. Ukiulizwa, sema. Sauti itatetemeka, lakini itatoka.

Sista akimaliza kusoma, mimi nipo hapo nje, nimempakata mtoto. Sitaongea mengi. Asiyeamini aje atazame viganja vya mwanangu.