Nta Chini ya Kabureta

Gari la marehemu baba lilikuwa na tabia moja. Asubuhi, likiwa baridi, sailensi yake, ule mngurumo wa gari likiwa limesimama, ilitulia kabisa. Likishapata moto linaanza kupanda na kushuka, linakohoa, linazima. Mama alikuwa akiniangalia kutoka barazani, kapakata mkoba.

"Kama wewe tu," akasema. "Uani mnanguruma wote wawili. Mkivuka geti mnataka kurudi kulala."

Sikubisha. Tabora yenyewe, mji tunaoishi, naijua zaidi kwa kusimuliwa. Lakini safari hii nilitaka kutoka kweli. Baba alimuahidi mama kwamba atampeleka kwao Puge ndani ya gari lake mwenyewe, ndugu zake waone. Akafa hajampeleka. Kila mwaka alisema barabara mbaya, hata baada ya kuwekwa lami.

Basi nikajigeuza fundi. Nikakaza na kulegeza skrubu za kabureta. Nikaongeza mafuta, moshi mweusi ukafunika nguo za jirani, plagi zikajaa masizi. Nikapunguza, injini ikapiga chafya ikafa. Jirani huyo akawa anachungulia: "Leo mmefika wapi?"

"Getini," namjibu.

Mwisho nikaachana na skrubu, nikaing'oa kabureta nzima. Pale chini, gasketi ilipopasuka, mtu alikuwa amesiliba nta ya nyuki. Injini ikiwa baridi, nta inaziba. Ikichemka, nta inayeyuka, hewa inaingia kwa wizi, na hakuna skrubu ya kurekebisha hilo.

Nikampelekea mama kipande kwenye ncha ya bisibisi, nikamweleza kilivyoziba gasketi. Akakinusa.

"Nta ya mizinga ya kwetu hii. Kaka yangu alikuwa akimletea baba yako, kila akija kuuliza tunakwenda lini." Akakiminya kwa vidole. "Kwa hiyo baba yako alijua."

"Alijua, mama."

"Na hiyo gasketi ni kitu gani?"

"Kipande cha karatasi ngumu tu," nikasema, nikatamani ulimi wangu nao uzime.

Akajifuta vidole kwenye khanga. "Niitie bajaji. Nakwenda stendi."

"Mama, nakata mpya sasa hivi, mchana tunaondoka."

"Baba yako naye alikuwa na mchana wake."

Akaenda. Gasketi mpya nikaikata, nikafunga. Siku hizi sailensi imetulia, baridi au moto. Kila asubuhi naliwasha, nakaa ndani nalisikiliza, hapo hapo uani. Mama bado yuko Puge. Juzi nimempigia simu kwamba nakuja kumchukua.

Akanijibu barabara ni mbaya.